TUSIIUZE LANDROVER YETU KWA KOSA LA BERINGI

Ndugu wanaushirika na wanakijiji wote,

Katika mkutano uliopita baadhi ya wenzetu walisimama wakataka Landrover ya ushirika iuzwe chuma chakavu. Walisema gari limezeeka, linakula fedha za wanachama, na usiku ule nusura liue watu. Makofi yakapigwa. Kwa kuwa uamuzi utatolewa mkutano ujao, sisi wa Tawi tumeona tuandike hapa ukutani, kila mtu asome kabla ya kunyoosha mkono.

Tunasema wazi: gari halina kosa. Kosa ni letu.

Tukumbushane. Usiku ule gari lilimpakia mama mjamzito kumpeleka hospitali Mkuranga. Kabla ya kufika kwenye lami gurudumu la nyuma la kulia likaanza kuunguruma kama mashine ya kusaga, moshi ukatoka, gari likagoma. Dereva alipogusa habu akaungua vidole. Mama yule akapakiwa kwenye pikipiki, kashikiliwa na mwenzake kwa nyuma, akafika salama. Mtoto yupo, tunamwona. Lakini bahati siyo kazi nzuri, tusijisifu kwayo.

Sasa nini kilitokea? Ndani ya habu ya Landrover yetu ya 109 mna beringi mbili, ya ndani na ya nje. Kila moja ni duara la vyuma vidogo vilivyochongwa vikawa vyembamba kidogo upande mmoja, navyo huzunguka ndani ya kikombe cha chuma kigumu. Uzito wote wa nyuma, watu na magunia ya korosho, unabebwa na beringi hizo. Ile fimbo ya ekseli kazi yake ni kuzungusha gurudumu tu. Beringi za namna hii alizipatia hati ya uvumbuzi Henry Timken, Mmarekani mtengenezaji wa magari ya farasi, mwaka 1898, na mpaka leo dunia inabeba mizigo kwa ujanja huo. Ujanja wenyewe unataka mambo matatu: grisi safi, chuma kizuri, na nati iliyokazwa kwa kipimo.

Ndugu zangu, sisi tulivunja yote matatu.

Kwanza, grisi. Masika nzima gari lilipita kwenye maji na tope, na habu haikufunguliwa hata siku moja. Kitundu cha kupumulia kilicho juu ya ekseli kikazibwa na tope. Ekseli ikipata joto na hewa ikakosa pa kutokea, inasukuma oili ya difu ipite kwenye sili, iingie kwenye grisi na kwenye breki. Dereva alitwambia mara mbili kwamba tairi limelowa oili upande wa ndani na kuna sauti. Tukamjibu asubiri korosho ziuzwe. Leo watu wanamsema dereva! Dereva alisema, sisi ndio hatukusikia.

Pili, chuma. Beringi zilipoanza kulia sana, sisi wenyewe ndio tuliotumwa Kariakoo. Wazee wanajua jina hilo limetoka wapi: ni Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Watu wetu walibebeshwa mizigo ya vita ambayo haikuwa yao. Leo tunakwenda hapo hapo kutafuta kitu cha kutubebea mizigo yetu.

Tulishuka Gerezani kwenye maduka ya spea. Hatujamaliza kusalimia, winga katushika mkono: “Wazee wangu, njooni huku, bei poa.” Tukaingizwa duka la uchochoroni. Tukaonyeshwa maboksi mawili yaliyofanana, yenye jina lile lile kubwa la kiwandani. Beringi za boksi moja shilingi 60,000 kila moja, za jingine 18,000. Tukauliza tofauti, tukaambiwa hakuna, hizi ni mzigo wa zamani. Tukachukua mbili za 18,000. Risiti hatukudai, maana tuliambiwa tukidai bei itapanda. Tukarudi kijijini tunacheka, tukijiona tumewaweza watu wa mjini.

Tatu, kipimo. Fundi wa kando ya barabara alitoa beringi za zamani lakini vikombe vyake akaviacha ndani ya habu, kwa sababu kuvigonga vitoke ni kazi. Beringi na kikombe ni kama kinu na mchi, huzoeana na huchakaa pamoja. Ukiweka mpya juu ya kikombe kilichochimbika, hiyo mpya itakufa. Kisha nati akaikaza kwa nguvu zake zote, nasi tukamsifu. Kumbe nati hukazwa huku gurudumu likizungushwa, halafu hulegezwa kidogo mpaka uchezaji mdogo sana ubaki. Ndipo wosha yake hukunjwa ili nati isifunguke. Ukikaza mno, beringi huungua. Ukilegeza mno, gurudumu hucheza na mwisho hutoka.

Haya, tuhesabu. Kwa kununua za rahisi tuliokoa shilingi 84,000. Kuvuta gari tulilipa 150,000. Kile kipande kinachobeba habu, kilicholiwa na beringi, 200,000. Viatu vya breki vilivyolowa oili 70,000. Fundi wa pili 50,000. Jumla 470,000, na beringi za kweli tukazinunua vilevile! Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu umejengwa kwa fedha ya korosho zenu.

Safari ya pili tulikwenda kwa akili. Tulibeba beringi mbovu mfukoni, tumezisafisha kwa mafuta ya taa mpaka namba ikasomeka. Sisi tuliojifunza kusoma ukubwani, kwenye madarasa ya watu wazima, tunajua namba ni kitu gani. Namba haina maneno mengi wala haikushiki mkono. Tulinyamaza, tukaisoma, tukailinganisha na iliyochongwa kwenye beringi mpya na kwenye kikombe chake. Tulinunua kwa mwenye duka anayejulikana na mafundi wengi, tukapewa risiti ya mashine. Maana boksi na jina vinaweza kughushiwa hata macho yasijue. Shirika la Viwango tunalo tangu 1975, na Tume ya Ushindani inakamata bidhaa feki, lakini mtu asiye na risiti atamshitaki nani?

Kwa hiyo tunapendekeza mkutano ukubali haya:

1. Habu zifunguliwe kila mwaka masika yakiisha, zisafishwe, zitiwe grisi mpya na sili mpya. Kitundu cha ekseli kisafishwe kila mwezi.
2. Kila baada ya safari dereva aguse habu zote kwa tahadhari. Inayochoma kuliko wenzake ina ugonjwa. Akitoa taarifa, iandikwe kwenye daftari na ijibiwe ndani ya siku tatu.
3. Spea yoyote ya gari inunuliwe na watu wawili, kwa namba, na risiti ibandikwe hapa ukutani.
4. Beringi ikibadilishwa, kikombe na sili vibadilishwe pamoja.

Wenzetu watasema gari ni kuukuu. Ni kweli, aina yake ilianza kutengenezwa 1971 na ikakoma 1985. Lakini bodi yake ni ya alumini, haili kutu kama bati, na spea zake bado zinatengenezwa. Oktoba 2024 Landrover nyingi zilikusanyika Arusha, za zamani nazo zikiwamo, zinatembea. Mnunuzi wa chuma chakavu atatulipa kwa kilo. Je, kilo hizo zitampeleka nani hospitali usiku wa mvua?

Tukiliuza hili na kununua jingine bila kubadili tabia yetu, hilo jingine nalo litakufa. Atakayetaka kulaumu aanze na sisi tulioshika beringi ya 18,000 tukacheka.

Ushirika ni mali, na mali hutunzwa.

Katibu wa Tawi