Mali bila daftari: dawa za ubongo zahitaji picha

Dawa za ubongo ni biashara ya hatari. Majaribio huchukua miaka, na yakishindwa wanahisa hubaki na swali moja: je, dawa haikufika ubongoni, au ilifika isifanye kazi? Picha za PET hujibu swali hilo. Kampuni inayoziacha ili kubana matumizi inacheza kamari na fedha za wenzake.

Utaratibu wenyewe ni huu. Mtu hudungwa kemikali yenye mionzi kidogo inayonasa mahali maalumu ubongoni, na mashine huhesabu miale. Akishatumia dawa, kemikali ikakosa pa kunasa, ni dhahiri kuwa dawa imeshika nafasi.

Merck ya Marekani ilifaidika na hesabu hiyo. Dawa yake aprepitant, iliyotarajiwa kutibu sonona, ilionekana kwenye PET ikishika zaidi ya asilimia 90 ya vipokezi vilivyolengwa. Majaribio makubwa yaliposhindwa, kuongeza dozi kusingesaidia kitu. Novemba 2003 mradi ulifungwa, na dawa ikabaki katika soko la kuzuia kichefuchefu cha wagonjwa wa saratani.

Eli Lilly nayo mwaka 2010 ilikubali kuinunua Avid, watengenezaji wa kemikali ya kuonyesha protini ya amiloidi katika ugonjwa wa Alzheimer, kwa dola milioni 300 za kuanzia. Matunda yanaonekana katika donanemab, iliyoruhusiwa Marekani Julai 2024: picha ikionyesha amiloidi imeondoka, daktari anaweza kusimamisha matibabu. Kwa dawa iliyoingia sokoni kwa takriban dola 32,000 kwa mwaka, huo ni unafuu mkubwa kwa mgonjwa.

Wapinzani wanataja gharama, nao wana hoja. Fluorini-18 hupoteza nusu ya nguvu kila dakika 110, hivyo kiwanda chake hakiwezi kuwa mbali na hospitali. Tena picha si dhamana ya faida: solanezumab ya Eli Lilly ilishindwa mwaka 2016, ingawa wagonjwa walikuwa wamethibitishwa kuwa na amiloidi.

Hata hivyo, hasara inayoeleweka ni nafuu kuliko hasara ya gizani, na wagonjwa hawabaki wakimeza dawa isiyo na tumaini. Mwenye hisa anayeahidiwa dawa mpya ya ubongo aulize kwanza picha zinasemaje. Mali bila daftari hupotea bila habari.