Mkono Juu ya Bandama

Bandama husahaulika mpaka ivimbe. Imejificha upande wa kushoto, chini ya mbavu, na kwa mtu mzima mwenye afya ina uzito wa takriban gramu 150. Kwa kawaida mkono wa mpimaji hauigusi.

Mfumo wa limfu una viungo vya aina mbili. Katika uboho na tezi ya thaimasi, iliyo nyuma ya mfupa wa kidari, chembe nyeupe za damu huzaliwa na kukomaa. Katika tezi za shingoni, kwapani na kinenani, katika tonsili na katika bandama, chembe hizo hukabiliana na vijidudu. Tezi za limfu huchuja limfu. Bandama huchuja damu. Huondoa chembe nyekundu zilizochakaa na zilizobeba vimelea vya malaria, na hutengeneza kingamwili.

Kwa hiyo bandama iliyovimba ni ushahidi, si ugonjwa wenyewe. Mwaka 1950 mkutano wa malaria uliofanyika Kampala ulipanga maeneo kwa ukali wa malaria kwa kuhesabu watoto wa miaka 2 hadi 9 wenye bandama zilizovimba. Mikono ya wapimaji ilitosha kupima nchi nzima.

Leo kipimo cha haraka hutoa jibu la malaria kwa dakika chache, na hilo ni jambo jema. Ila jibu likishatoka, mara nyingi tumbo halishikwi tena. Malaria ikikosekana, bandama yaweza kuwa imevimba kwa kichocho cha tumbo, selimundu, ugonjwa wa ini au saratani ya damu. Mhudumu wa Namswea au Mbamba Bay amuulize mgonjwa pia alikotoka, kwa kuwa malaria ya mwambao wa Ziwa Nyasa wenye joto si sawa na ya milima ya baridi ya Umatengo.

Kwa mtoto mwenye selimundu, bandama yaweza kujaa damu kwa saa chache, akapauka na kufa. Mama aliyefundishwa kuipapasa huwahi kumfikisha hospitali. Baadaye bandama hiyo husinyaa na kuacha kazi, na mtoto hubaki na kinga dhaifu. Penisilini ya kila siku utotoni na chanjo ya nimonia si mambo ya hiari kwake.

Desturi ya kuchanja chale juu ya uvimbe haina budi kuachwa. Chale haziifikii bandama. Huingiza vijidudu vya wembe mwilini. Kuikanda kwa nguvu nako kwaweza kuipasua.

Kupapasa tumbo hakuhitaji umeme. Mgonjwa alale chali, magoti yakunjwe, mkono uanzie chini kulia na kupanda taratibu hadi mbavu za kushoto. Bandama ikiguswa, ukubwa wake uandikwe kwa sentimita, damu ipimwe, na chanzo kisipojulikana mgonjwa apewe rufaa. Mgonjwa naye ana haki ya kuomba ashikwe tumbo. Mganga asiyefanya hivyo kwa mtoto mwenye homa au upungufu wa damu hajamaliza kumpima, hata kama majibu ya maabara yako mezani.