Sarafu za Kale: Bei Inatangazwa, Chimbuko Linafichwa

Mkazi wa Kisumu mwenye simu na kadi ya benki anaweza leo kununua denari ya fedha ya enzi za Warumi kutoka kwa muuzaji wa London asiyewahi kumtia machoni. Njia hiyo hiyo ya mtandao inazitoa sarafu za kwetu: rupia za enzi za reli, senti zenye shimo katikati, shilingi za simba. Wapo wanaotaka serikali iipige marufuku biashara hii, na wapo wanaosema kila mtu auze chake apendavyo. Pande zote mbili zinabishania uuzaji, ilhali hasara kubwa iko kwingine. Sarafu ikiuzwa bila kuandikwa ilipatikana wapi, pamoja na nini na mikononi mwa nani, sehemu ya historia imepotea na hainunuliki tena kwa bei yoyote. Kwa hiyo Kenya ingefanya vyema kujenga utaratibu mwepesi wa kuandikisha sarafu kabla ya kufikiria marufuku, na Makumbusho ya Kisumu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Ufuo wa Ziwa Victoria una sababu zake za kulijali jambo hili. Reli ilifika hapa Desemba 1901, mji ukiitwa Port Florence, na pamoja nayo zikaja rupia za kulipia vibarua, kununulia bidhaa madukani na, kwa amri ya serikali ya kikoloni, kulipia kodi ya nyumba. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaja florini, nayo haikukaa sana kabla ya kuipisha shilingi. Katika muda mfupi hivyo, familia moja ya Asembo au Kendu Bay ingeweza kushika fedha za aina tatu na kuona akiba yake ikibadilishwa thamani na watu walioketi mbali. Itazame senti 10 ya mwaka 1936. Ina shimo katikati, pembe za ndovu zimelizunguka, na jina lililoandikwa ni la Edward VIII, mfalme aliyejiuzulu Desemba mwaka huo huo kabla ya kuvishwa taji. Uingereza yenyewe haikutoa kwa matumizi ya kila siku sarafu yenye sura yake, lakini Afrika Mashariki ilipata jina lake kwa kuwa penye shimo sura haikai. Baadhi zina herufi ndogo H au KN, alama za viwanda vya Birmingham. Kisahani hicho cha shaba kinasimulia nani alitawala, nani alitengeneza na nani alilazimika kutumia.

Hata hivyo, maandishi ya sarafu hayasemi kila kitu. Huko Mtambwe Mkuu, Pemba, mwaka 1984 ilichimbuliwa hazina ya sarafu zaidi ya 2,000, nyingi zikiwa vipande vidogo vya fedha vyenye majina ya watawala wa pwani lakini visivyo na mwaka. Pamoja nazo zilikuwamo dinari chache za dhahabu ambazo umri wake unajulikana. Ni ule ukaribu wa sarafu hizo ardhini uliowawezesha wanaakiolojia kuzirudisha baadhi ya sarafu za wenyeji hadi karne ya 11. Mwaka 2013, sarafu ya Kichina ya enzi ya mfalme Yongle, aliyetawala mwanzoni mwa karne ya 15, ilitangazwa kupatikana kisiwani Manda, Lamu. Sarafu za aina hiyo si adimu katika minada ya dunia. Uzito wa ile ya Manda ni kwamba ilipatikana Manda, na wachimbaji wakajua hivyo. Dinari za Mtambwe zingeuzwa kwa sonara na vipande vya fedha kwa mtalii, kila upande ungebaki na mali nzuri, na sisi tungebaki bila jibu.

Sheria yetu haijalifikia tatizo hili. Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya mwaka 2006 inaitambua kama kitu cha kale mali inayohamishika iliyotengenezwa au kuingizwa Kenya kabla ya 1895, na inataka kibali ili kitu hicho kitolewe nchini. Mpaka huo umefuata mwaka ambao Uingereza ilitangaza himaya yake hapa. Kwa ufuo wa ziwa, matokeo yake ni kwamba karibu historia yote ya sarafu, kuanzia reli hadi uhuru, imebaki nje ya ulinzi wa kawaida. Rupia iliyofika Kisumu mwaka 1901 ni mali kama mali nyingine, ingawa aliyelipwa nayo na aliyeipokea kama kodi walikuwa wakiishi katika mageuzi makubwa kuliko yote yaliyolikumba eneo hili.

Kuna pingamizi zinazostahili kujibiwa. Ya kwanza ni kwamba senti za shimo zilitengenezwa kwa mamilioni, hivyo kupotea kwa chache hakuna madhara. Ni kweli kwamba nyingi ni za kawaida, na ndiyo maana watu wanaovutwa na matangazo ya mtandaoni ya kununua sarafu kuukuu kwa mamilioni huishia kukata tamaa, na wengine kutapeliwa ada ya usajili kabla ya kuonyeshwa mnunuzi. Lakini senti 200 zilizofukiwa pamoja ndani ya chungu katika boma lililohamwa si sarafu 200 tu. Ni akiba ya mtu, iliyofichwa wakati fulani kwa sababu fulani, na zikitawanywa, wakati na sababu vinapotea pamoja. Uandikishaji ungemsaidia pia mwenye sarafu: afisa anayemwambia kwa uaminifu kwamba alichonacho ni cha kawaida anamkinga na tapeli.

Pingamizi ya pili ni ya haki na ufukara. Mjane aliyerithi shilingi za fedha za mumewe, au kijana aliyeokota rupia akilima shamba la Nyando, kwa nini azuiwe kuuza wakati karo inamsubiri? Hoja hii ina nguvu, nami siipingi. Marufuku ingemwangukia yeye kwanza, na biashara ingejificha ambako hakuna anayeuliza chimbuko. Uingereza na Wales zimejaribu njia nyingine. Tangu 1997, wanaookota vitu vya kale huko huvipeleka kwa hiari kwa maafisa wa wilaya, vikapigwa picha na kuandikwa mahali vilipopatikana, na vingi hurudishwa kwa wenyewe. Hazina yenyewe ina sheria yake, ambayo humpa aliyeipata malipo makumbusho yakiihitaji. Vitu zaidi ya milioni 1.5 vimeandikishwa, zikiwemo sarafu nyingi sana za Kirumi, na wakusanyaji hawakuacha kukusanya.

Pingamizi ya tatu ni kwamba makumbusho yetu hayana fedha wala watu, na kwamba kutangaza mahali kunaalika wachimbaji haramu. Suala la fedha na watu halihitaji jengo jipya. Makumbusho ya Kisumu, yaliyofunguliwa mwaka 1980, tayari yanapokea wanafunzi na wageni; dawati moja, mizani, simu ya kupigia picha na afisa aliyefunzwa vinatosha kuanzia, huku afisa huyo akifika mara kwa mara Homa Bay, Siaya na Migori. Ama siri ya mahali, daftari la watafiti linaweza kuwa na eneo kamili na lile la umma likataja kata tu. Hatari halisi ni wananchi kuamini kwamba wakionyesha watanyang'anywa, na hofu hiyo itaondoka tu ikiwa sheria itasema wazi kwamba sarafu ya baada ya 1895 iliyoandikishwa inabaki ya mwenyewe.

Jukumu jingine ni la mnunuzi, awe Kisumu au London. Muuzaji wa mtandaoni huandika uzito, kipenyo na hali ya sarafu, lakini chimbuko hulipitia juujuu au hulinyamazia kabisa. Mkusanyaji Mkenya anayeagiza denari ya Kirumi angepaswa kudai kuonyeshwa ilitoka wapi na ilitoka lini, na asipoonyeshwa aache kununua, kwa kuwa anachomfanyia mkulima wa Syria au Bulgaria, ambaye huenda denari ilichimbuliwa shambani mwake, ndicho mwingine atakachomfanyia mkulima wa Nyando. Bunge likiurekebisha mpaka wa 1895, na kaunti za ziwa zikichangia mshahara wa afisa mmoja wa uandikishaji, Kenya itakuwa na haki ya kudai chimbuko kwa wengine kwa sababu itakuwa imeanza kulitunza la kwake.