Afisa Aliyewarudisha Vijana Wake Wote

Katika kila Misa, kabla ya Komunyo, midomo yetu hurudia maneno ya mwanajeshi. Yule akida wa Kafarnaumu hakumwendea Bwana kwa ajili ya cheo wala ushindi. Alimwendea kwa ajili ya mtumishi wake aliyelala mgonjwa. Tumeyazoea maneno hayo hata tukasahau kwamba yalitoka kinywani mwa mtu mwenye upanga.

Nimeyakumbuka kwa sababu ya swali la kijana mmoja katika mkutano wetu: je, mwanajeshi aweza kuwa mcha Mungu? Wenzake walicheka. Kicheko kile nakielewa, maana aliyesimamishwa usiku kwenye kizuizi cha barabara akaombwa fedha hawezi kukijibu kwa mahubiri. Na hata hivyo Yohane Mbatizaji, askari walipomwuliza wafanye nini, hakuwaambia watupe silaha; aliwaambia wasimnyang'anye mtu na waridhike na mshahara wao. Basi mlango haukufungwa. Mfano wa mtu aliyejaribu kuupitia tunao hapa hapa Likasi, ingawa hakuwa mwana wa nchi hii.

Mwaka 1961, mji wetu ulipokuwa ukiitwa bado Jadotville, kombania moja ya askari wa Ireland, watu wapatao 155, ilitumwa hapa chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa. Mkubwa wao alikuwa Komandanti Patrick Quinlan, Mkatoliki kutoka Kerry, afisa aliyeufanya uanajeshi kuwa kazi ya maisha yake, tena baba wa watoto. Wengi wa askari wake walikuwa na umri wenu. Baadhi yao hawakuwa wametimiza miaka ishirini. Waliambiwa wanakuja kuwalinda Wazungu wa mji. Walipofika wakakuta kwamba wakazi, Wazungu kwa Weusi, hawakuwataka. Quinlan hakungoja kufafanuliwa. Aliwaamuru vijana wachimbe mahandaki na kuweka akiba ya maji. Kuchimba udongo wa Katanga mwezi wa Septemba, kabla ya mvua, si mchezo, naamini walinung'unika.

Jumatano tarehe 13 Septemba, asubuhi, wengi wao wakiwa katika Misa, mashambulizi yakaanza. Hapa ni haki tuseme jambo ambalo wasimulizi wa Ulaya hulipita haraka: alfajiri ile ile jeshi la Umoja wa Mataifa lilikuwa limeanza operesheni yake dhidi ya serikali ya Katanga huko Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Jandarma wa Katanga waliowavamia Wairlandi hawakuzuka kutoka hewani. Walijiona wanatetea nchi yao, ingawa bega kwa bega nao walisimama mamluki waliopigania fedha.

Vita vilidumu siku tano. Ndege ya kivita ya Katanga iliwashambulia kutoka juu. Wenzao waliotoka Elisabethville kuwaokoa walizuiwa kwenye daraja la Lufira. Helikopta moja ilifaulu kutua na maji, lakini yalitiwa katika madumu yaliyokuwa na mafuta, hayakunyweka. Jumapili tarehe 17, risasi zikiwa zimekwisha na maji yamekauka, Quinlan alisalimu amri. Alikuwa na majeruhi wachache. Maiti hata mmoja hakuwa naye. Walikaa kifungoni zaidi ya mwezi, kisha wote wakarudi kwa mama zao.

Huko kwao hawakupokewa kama mashujaa kwa muda mrefu. Kusalimu amri kulihesabiwa kuwa aibu, na jina la mji wetu likawa tusi kambini. Quinlan alikuwa ameomba nishani kwa zaidi ya askari thelathini; hawakupewa. Alifariki mwaka 1997 kabla ya kuona jambo hilo likinyoshwa. Mwanawe, ambaye naye alikuwa afisa, alikuwa miongoni mwa waliodai heshima ya kombania ile, na mwaka 2017 waliosalia walivikwa nishani yenye jina la Jadotville. Ajabu yake: jina tulilolifuta hapa mwaka 1966 limechongwa kwenye medali huko Ireland.

Uchaji wa mtu huyu siupimi kwa idadi ya Misa alizohudhuria. Naupima kwa Jumapili ile. Afisa mwingine angeweza kuwaambia vijana wafe ili jina lake lisipate doa. Yeye alilikubali doa, akalibeba miaka thelathini na sita, ili mama 155 wasilie. Baba wa watoto alijua kuwahesabu watoto wa wengine. Wapo watakaosema kwamba alifanya tu hesabu ya kijeshi, kwamba bila risasi hakuna la kuchagua. Sikubali. Historia imejaa wakubwa waliochagua vingine.

Lakini sitaki tumsifu kana kwamba upande wa pili wa mahandaki palikuwa patupu. Filamu ya mwaka 2016 juu ya mapigano hayo, iliyopigwa Afrika Kusini, wengine mmeiona kwenye simu. Ndani yake watu wa huku ni vivuli vinavyoanguka. Vivuli hivyo vilikuwa na baba. Jandarma wengi walikufa kwa risasi za vijana waliotoka Misani, na katika waliokufa walikuwapo Wakatoliki waliobatizwa katika misioni za Katanga. Mimi sijapata kuona orodha ya majina yao. Leo, wakati vijana wanaitwa tena jeshini kwa ajili ya vita vya mashariki, ukimya huo unanisumbua kuliko zamani.

Kwa hiyo naleta ombi kwa vikundi vya parokia zetu, za Kikula, Panda, Shituru na Likasi yenyewe. Siku zile tano zinagusa sikukuu mbili, Kutukuka kwa Msalaba tarehe 14 na Mama wa Mateso tarehe 15. Kabla ya Septemba, waendeeni wazee wa jumuiya zenu, wakaeni chini, waulizeni nani hakurudi nyumbani mwaka ule. Yaandikeni majina. Tarehe 15 tuyapeleke altareni kama nia ya Misa, na jina la Patrick Quinlan liwe katika karatasi hiyo hiyo.