Tamko kuhusu Kambi za Matibabu ya Bure Angurai

Kwa Serikali ya Kaunti ya Busia, mashirika ya hisani, makanisa na wananchi wote wa Teso Kaskazini:

Sisi, wanachama wa vikundi vya afya vya kujitolea katika wadi tatu za Angurai, tumekutana na kujadili kambi za matibabu ya bure zinazoletwa kwetu na wahisani. Tunatoa tamko hili kwa heshima na kwa nia ya kujenga.

Kwanza, tunashukuru. Wapo wazee wetu waliopimwa presha na macho kwa mara ya kwanza maishani katika kambi hizo, wakapewa dawa bila kutoa hata shilingi.

Shida huanza wageni wakishaondoka. Mama aliyegunduliwa kuwa na presha hubaki na bahasha ya kaki iliyoandikwa 1x2, yenye vidonge vya majuma machache, na ugonjwa wa kudumu. Majibu yake yameandikwa kwenye fomu zilizoondoka na gari. Akienda zahanati, daftari lake la matibabu halina hata mstari mmoja kuhusu siku ile, na mhudumu hulazimika kuanza upya. Dawa ikikosekana, apande bodaboda hadi hospitali ya Kocholya au akae nyumbani akingoja kambi nyingine.

Msimamo wetu ni kwamba hisani ya afya ipitie ndani ya vituo vya umma, si kando yake. Jambo hili linawezekana. Mpango wa AMPATH, ulioanzishwa mwaka 2001 na washirika wa Eldoret na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani, ulifika hadi Busia ukiwatibu wenye virusi vya Ukimwi katika hospitali za serikali. Chanjo ya malaria, iliyoanza kutolewa Kenya mwaka 2019, Busia ikiwa miongoni mwa kaunti nane za kwanza, huhitaji dozi nne. Mtoto hawezi kuikamilisha bila kadi na kliniki ya kudumu. Hata hivyo, Marekani ilipokata misaada mwaka 2025 tulijifunza kwamba kazi inayomtegemea mfadhili peke yake huyumba siku anapojiondoa.

Kwa hiyo tunataka yafuatayo:

1. Kila kambi ipangwe pamoja na kituo cha afya kilicho karibu. Majibu yaandikwe katika daftari la mgonjwa, na nakala ibaki kituoni.

2. Wenye presha, kisukari na kifafa, kwa ridhaa yao, wakabidhiwe kwa wahamasishaji wa afya ya jamii ili wafuatiliwe nyumbani.

3. Dawa za msaada zifuate miongozo ya Shirika la Afya Duniani: ziwe na angalau mwaka mmoja kabla ya kuharibika zinapoingia nchini. Zinazobaki zikabidhiwe kituo kwa maandishi.

4. Kila kambi iwe na meza ya kuandikisha watu katika Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), bima ya afya ya taifa. Wengi hawajui kwamba aliyejiandikisha hutibiwa katika zahanati na vituo vya afya hata kabla ya kulipa mchango. Kwa hospitali kubwa, mchango wa chini ni shilingi 300 kwa mwezi, yaani 3,600 kwa mwaka. Mhisani anayemlipia mjane mchango huo amemsaidia kuliko anayemgawia vidonge vya siku kumi.

5. Wakalimani wa Kiteso wawepo, na wagonjwa wasisimamishwe juani kusubiri hotuba za wanasiasa.

6. Ndugu zetu wanaovuka mpaka kutoka Tororo, Uganda, wapewe majibu yao kwa maandishi, ili waendelee kutibiwa kwao.

7. Kaunti isihesabu kambi kuwa huduma yake. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya afya, na Jedwali la Nne linazikabidhi kaunti zahanati na hospitali zake. Bajeti ya dawa isipunguzwe kwa kuwa wahisani wamepita.

Kwa upande wetu, tutajitolea kuandikisha wagonjwa, kukalimani na kufuatilia majumbani bila malipo.

Wahisani, karibuni Angurai. Kabla ya kuagiza hema na viti, pigeni hodi kwanza zahanati, mmuulize mhudumu ni dawa gani imemwishia.

Limetolewa Angurai na Mwenyekiti, Katibu na Mweka Hazina, kwa niaba ya wanachama.