Usimnyang'anye mtoto chombo chake

Msomaji, ikiwa mwanao yuko likizoni kwa nyanya yake Kitui au Makueni, nawe umepigiwa simu kwamba ameujaza ua mikebe na waya, usikimbilie kumgombeza.

Likizo iliyopita mpwa wangu wa miaka 11 aliniita nyuma ya jikoni kule Kitui. Alikuwa akiunda chombo cha anga cha abiria, safari ya Mwingi hadi Mwezini, makanga akiwa mlangoni! Wazo lilitoka kijiji cha Mukuku, Makueni, ambako Desemba 30, 2024 pete ya chuma yenye kipenyo cha mita 2.5 na uzito wa kilo 500 hivi ilianguka kutoka angani. Shirika la Anga la Kenya lilieleza kuwa ni kipande cha roketi. Kijana alikuwa amepiga hesabu: kila mita iwe sentimita moja. Kwa kipimo hicho pete ya Mukuku inakaribia kutoshana na kizibo cha soda, na kizibo ndicho alichotumia.

Ni dawa gani nyingine ingemwondoa mbele ya runinga kwa siku nne?

Hata hivyo, niliona mambo ya kutisha. Ili apate shaba, alikuwa akichoma nyaya za umeme motoni. Moshi huo ni sumu. Mtu mzima na azimenye kwa koleo. Betri kuukuu ya gari isivunjwe kamwe kutafuta risasi, kwani madini hayo huharibu ubongo wa mtoto na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Rangi ya zamani iliyobambuka huenda ikawa nayo pia. Na zile betri ndogo mithili ya kifungo, alizotaka ziwe taa? Mtoto akimeza moja yaweza kuunguza umio kwa muda wa saa 2. Usimtapishe, mkimbize hospitalini.

Kidole alikuwa amekikata kwa bati. Tulikiosha kwa sabuni na maji safi, kisha tukaenda zahanati kuuliza kama chanjo zake za pepopunda zilikamilika.

Mama yangu alitaka takataka yote itupwe shimoni. Baada ya mabishano marefu tuliondoa betri, mikebe ikabaki. Sasa kijana anatafuta malapa mabovu akatie viti vya abiria 14.