Uwanja ni wa Watoto Wote

Juma hili nataka tuzungumze habari za michezo ya watoto wetu wa shule. Najua wengine watasema, "Karani leo amekosa la kuandika." Vumilieni kidogo, someni mpaka mwisho, ndipo mhukumu.

Pita jioni kwenye uwanja wa shule ya msingi katika vijiji vyetu vya pwani, tangu Naumbu na Madimba mpaka Mahurunga na Kitaya, kule karibu na Mto Ruvuma. Utaona wavulana ishirini na wawili wanafukuza mpira. Pengine upande wa pili wasichana kumi na wanne wanacheza mpira wa pete. Pembeni wamekaa watoto wengi wakitazama na kupiga makelele. Wawili watatu wanadaka mawe chini ya mwembe. Wengine hawapo kabisa, wamekwenda kisimani au wamebeba wadogo zao mgongoni. Sisi wazazi tukipita twasema, "Watoto wanacheza."

Haya, tufanye hesabu. Shule ina watoto mia nne. Ishirini na wawili na kumi na wanne ni thelathini na sita. Waliobaki ni mia tatu sitini na wanne. Maana yake ni kwamba kwa kila mtoto mmoja anayecheza, kumi hawachezi. Na kesho watacheza wale wale thelathini na sita, kwa kuwa ndio hodari, na ndio watakaochaguliwa siku ya mashindano.

Mimi siyapingi mashindano. Mwaka 2019, na tena mwaka 2021, mashindano ya taifa ya shule za msingi na sekondari, yaani UMITASHUMTA na UMISSETA, yalifanyika hapa kwetu Mtwara. Watoto walikuja kutoka mikoa yote, na mji ulichangamka. Lilikuwa jambo la heshima kwa mkoa wetu. Lakini kazi ya mashindano ni kuchagua walio bora. Uwanja wa shule wa kila siku una kazi nyingine. Ni mahali pa kila mtoto kukimbia, kuruka, kurusha na kuvuta, hata kama hatashinda kikombe maishani mwake.

Labda utaniuliza, "Nani amesema kwamba kila mtoto lazima acheze?" Kwanza, sheria ya nchi imesema. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yataja mambo ambayo mzazi anapaswa kumpatia mtoto wake: chakula, malazi, mavazi, matibabu, elimu na malezi, na katika orodha hiyo hiyo umo mchezo na mapumziko. Basi, kama vile haifai kumnyima mtoto ugali, haifai kumnyima mchezo. Pili, Shirika la Afya Duniani, katika mashauri yake ya mwaka 2020, lasema kwamba mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anahitaji kwa wastani dakika 60 kila siku za kuutumia mwili kwa nguvu, hata moyo uende mbio na jasho limtoke. Tena angalau siku tatu katika juma afanye mazoezi makali na yale ya kuimarisha misuli na mifupa. Mifupa ya mtoto hupata nguvu kwa kuruka na kukimbia wakati angali anakua. Samaki mkunje angali mbichi.

Mzee mmoja alikuja ofisini kuandikisha ubatizo wa mjukuu wake. Tulipomaliza akaniambia, "Mwanangu karani, hao walimu wanawachezesha watoto mno. Mimi nimempeleka mtoto shuleni asome, siyo arukeruke." Nikamjibu, "Ni kweli babu, shule ni masomo. Lakini wewe mwenyewe, ukipalilia mikorosho tangu alfajiri bila kupumzika, jembe la saa saba ni sawa na jembe la saa moja?" Akacheka, akasema, "Hapana, la saa saba huparuza tu." Basi ndivyo ilivyo akili ya mtoto. Shirika hilo la Afya lasema kwamba mazoezi ya mwili humsaidia mtoto hata katika kufikiri na kujifunza. Wakati wa kujitayarisha kwa mtihani wa kumaliza shule ya msingi, watoto wengine hukalishwa darasani tangu asubuhi mpaka usiku. Wahurumieni. Nusu saa ya kukimbia haitawanyima kufaulu.

Sasa nataka kusema na akina mama na akina baba juu ya binti zetu. Kijana wa kiume akitoka shuleni hutupa daftari na kukimbilia uwanjani, wala hakuna amwulizaye. Dada yake hutupa daftari na kushika ndoo. Akirudi kisimani kuna mboga za kuchambua, kuna mtoto wa kubembeleza, kuna vyombo. Jua linapotua, kaka yake amecheza saa mbili, yeye hata dakika moja. Wapo pia wanaosema kwamba msichana akishatoka unyagoni amekuwa mtu mzima, na kukimbia uwanjani ni aibu kwake. Ndugu zangu, msichana wa miaka kumi na miwili bado ni mtoto. Mwili wake unakua, na mifupa yake yahitaji mchezo sawasawa na ya kaka yake. Siku zake za mwezi nazo si ugonjwa. Akijisikia vizuri aweza kucheza, na asipojisikia vizuri apumzike bila kuchekwa. Mshoneeni kaptula ya kuvaa chini ya sketi ili akimbie bila wasiwasi. Na kaka yake, je? Naye afundishwe kuchota maji. Wakigawana kazi, wote wawili wataufikia uwanja.

Katika majira ya korosho najua kwamba kila mkono unahitajika, na mtoto kumsaidia mzazi wake ni malezi mema. Lakini kuokota korosho siku nzima kwa mgongo ulioinama si mchezo. Mwacheni apate angalau saa moja ya jioni.

Sasa turudi kwenye wale mia tatu sitini na wanne. Watacheza nini, na shule ina mpira mmoja tu? Nawaleteeni kisa kimoja cha kweli. Mwaka 1891 huko Springfield nchini Marekani alikuwako mwalimu mmoja, jina lake James Naismith. Ilikuwa wakati wa baridi kali, na vijana wake walichoka kufungiwa ndani. Darasa lilikuwa na vijana kumi na wanane. Naismith alitundika vikapu viwili vya kuwekea matunda, kimoja kila upande, futi kumi toka chini, akachukua mpira wa miguu, akaligawa darasa lote makundi mawili ya watu tisa tisa. Huo ndio mwanzo wa mpira wa kikapu. Baadaye huko Uingereza ukatokea ndani yake mpira wa pete wanaocheza binti zetu, na mpaka leo pete hukaa juu futi kumi vile vile, yaani meta 3.05. Mwalimu yule hakuwaacha wengine wakae pembeni watazame. Alitafuta mchezo ulioenea darasa zima, kwa vikapu tu.

Nasi tunayo michezo ya namna hiyo, tena mingine ni ya hapa hapa kwetu. Wanaoifahamu wanivumilie, naieleza kwa ajili ya walimu vijana na wazazi walioisahau.

Rede. Wawili husimama mwisho huku na huku na kurushiana mpira mdogo, na kundi zima likiwa katikati. Walio katikati hujaribu kujaza mchanga katika chupa huku wakiukwepa mpira. Anayepigwa hutoka. Mpira hushonwa kwa matambara, na chupa iwe ya plastiki, kamwe isiwe ya kioo. Watoto ishirini wanaweza kucheza mahali padogo. Wavulana wasione haya, nao wacheze. Waliotoka wasikae muda mrefu. Chupa ikijaa, wote warudi.

Kombolela. Mmoja hulinda kopo na kuwatafuta wenzake waliojificha. Mmoja wao akiwahi kulipiga teke kopo, huwakomboa wote waliokwisha kamatwa. Huu ni mzuri kwa madarasa ya chini.

Mbio za kupokezana vijiti. Vunja vijiti vinne, panga mistari minne ya watoto kumi kumi, na watoto arobaini wamepata mchezo. Mwepesi na mzito wote huhesabiwa, kwa kuwa mstari haumalizi mpaka wa mwisho amefika.

Kuvuta kamba. Kamba nene ya katani yatosha. Msidhani ni mchezo wa kitoto, maana tangu mwaka 1900 mpaka 1920 ulikuwa katika Michezo ya Olimpiki. Hapa mtoto mnene, ambaye wenzake humcheka akikimbia, ndiye anayegombewa. Lakini mtoto asijifunge kamba mkononi wala kiunoni.

Kuna jambo dogo la ualimu ambalo lafaa kukumbukwa. Mara nyingi manahodha wawili husimama na kuita majina mmoja mmoja. Mtoto dhaifu huitwa mwisho kila siku, na kila siku huonyeshwa mbele ya wenzake kwamba hatakiwi. Haifai. Wasimame mstarini wahesabu: moja, mbili, moja, mbili. Wenye moja huku, wenye mbili kule. Kwa njia hiyo hakuna wa mwisho.

Tena, mtoto mwenye ulemavu asifanywe mlinzi wa nguo za wenzake. Asiyeweza kukimbia anaweza kurusha mpira katika rede akiwa amekaa. Mtoto mwenye ualbino acheze kivulini au jioni jua likipungua, akiwa na kofia pana na shati la mikono mirefu.

Sasa maneno machache juu ya hatari. Jua letu la pwani ni kali, kwa hiyo kati ya saa sita na saa tisa mchana watoto wasikimbizwe. Yawepo maji ya kunywa. Kabla ya mchezo, watoto wapange mstari na kuupita uwanja mzima wakiokota miiba na vioo. Milingoti ya goli ifukiwe vizuri, maana ule ulioegemezwa tu waweza kumwangukia mtoto. Ama wote wavae viatu, ama wote wacheze peku.

Ninyi wa Msimbati na vijiji vingine vya ufukoni mna uwanja mzuri wa mchanga, lakini fuateni kalenda ya bahari. Siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hujaa karibu na saa kumi alasiri, na uwanja humezwa. Siku za maji mafu bahari huwa imekupwa saa hizo. Hizo ndizo siku za kucheza pwani, akiwapo mtu mzima. Na ninyi wa kando ya Ruvuma, mchezo usikaribie mto. Mpira ukiingia majini uachwe uende. Mamba na kiboko hawajui kwamba ni mtoto aliyefuata mpira wake.

Mwisho, mchezo uishe kabla ya giza, na wasichana warudi nyumbani kwa kundi. Walimu ni wachache, hawawezi kuwa kila mahali. Basi wazazi wa kijiji wapeane zamu, mmoja tu kila jioni, akae kivulini na kazi yake ya mkono, awe jicho la wote. Baba anayesuka wavu aweza kuusuka pale uwanjani.

Wapenzi wasomaji, juma hili nawapa kazi moja. Nenda siku moja jioni kwenye uwanja wa shule ya kijiji chako. Usihesabu mabao. Hesabu watoto waliokaa pembeni, kisha uliza wasiokuwapo wako wapi. Pengine mmoja wao utamkuta nyumbani kwako mwenyewe, na ndoo kichwani. Mtue ndoo hiyo, mwambie aende. Mkiwa wengi mliofanya hivyo, peleka hesabu yako kwenye mkutano wa wazazi, muulizane na Mwalimu Mkuu jinsi ya kuipunguza.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Ni mimi, karani wenu.